Vyombo Vilivyovuliwa Nailoni

Mama mdogo wangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mama, aliamini kwamba kitu kipya kina ngozi yake, na kwamba anayekichuna ngozi hiyo kabla ya wakati amekiua. Ngozi yenyewe ilikuwa nailoni. Sebuleni kwake Magomeni, makochi yalivaa nailoni tangu siku yaliposhushwa kwenye gari, na mgeni aliyekaa hapo mchana wa Januari aliinuka kwa sauti ya plasta inayobanduliwa. Rimoti ya televisheni ilikuwa na nailoni. Saa ya ukutani ilikuwa na nailoni juu ya kioo, imepauka kiasi kwamba ilibidi uisogelee ndipo ujue kama ni saa nne au saa kumi. Nilipokuwa chuo kikuu nilimcheka kwa maneno makubwa niliyojifunza huko.

Leo nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na namwelewa vizuri zaidi. Kizazi chake kilipanga foleni kupata kipande cha sabuni kilichokatwa kutoka kwenye mche, na sukari iliyofungwa kwa gazeti. Kisha biashara ikaachiwa huru, Kariakoo ikafurika vitu. Vingine vilishuka Mchikichini kwa marobota, vimeshavaliwa na watu wasiojulikana katika nchi zenye baridi. Vingine vilikuja ndani ya maboksi, vimefunikwa nailoni iliyobanwa kwa moto huko kiwandani. Kutofautisha makundi hayo mawili hakukuhitaji shahada. Kulihitaji macho mawili na ukucha mmoja wa kugusia nailoni.

Duka lake lilikuwa la vyombo: hotpoti, chupa za chai, seti za glasi, majagi, sahani za maua. Wateja wake wakubwa walikuwa kina mama wa kicheni pati, wale wanaomwandalia bibi harusi jiko lake na kumpa zawadi mbele ya macho ya mtaa mzima. Fremu yake, yaani chumba cha duka, ilikuwa ya mbele, katika nyumba ya zamani ya chini, hatua mbili kutoka barabarani. Mtu hakuhitaji kuitafuta. Alijikwaa tu kwenye ndoo zake akawa amefika.

Ndipo nyumba za zamani za Kariakoo zilipoanza kuvunjwa moja baada ya nyingine ili kupisha maghorofa. Mwenye nyumba wake, mfanyabiashara wa asili ya Kiarabu aliyekuwa na adabu nyingi hata anapoleta habari mbaya, alikuja siku moja, akakubali kahawa, akasema nyumba itavunjwa mwisho wa mwezi ujao.

"Lakini sikutupi, mama. Kwenye jengo langu la pili nimekuwekea fremu ghorofa ya tatu. Ina upepo mzuri sana."

"Upepo haununui sahani, baba," alijibu mama mdogo.

Mgeni alipoondoka, mama mdogo alikaa juu ya boksi na kuniambia jambo ambalo sikulisahau. Alisema mteja wa Kariakoo ni kama maji ya bonde la Jangwani: hufuata kwa chini, hayapandi ngazi. Yeye akipelekwa juu, atakaa huko na vyombo vyake wakitazamana, kisha atafunga duka na kurudi nyumbani kusubiri wajukuu.

Mimi wakati huo nilikuwa sina kazi. Mradi niliokuwa nikiuandikia ripoti ulikwisha, nami nikawa nashinda dukani kwake nikijifanya namsaidia. Nikamwambia habari za duka la mtandaoni ambalo lilikuwa linatafuta wauzaji wa Kariakoo. Wateja watamwona kwenye simu, nikasema, na simu haina ngazi.

Alifuta mikono kwenye kanga. "Haya, msomi. Nakuachia duka langu. Ukiliua, utalizika mwenyewe."

Masharti yalikuja kwa barua pepe. Aina zote mia moja themanini na sita za bidhaa zilihitaji picha ndani ya siku kumi. Picha ziwe za mraba, zote za ukubwa mmoja. Nyuma pawe peupe kabisa. Pasiwe na mtu, mkono, maandishi wala kifungashio. Niliyasoma nikafurahi. Hatimaye kuna kazi Kariakoo iliyokuwa na kanuni.

Stoo ya nyuma nikaigeuza studio. Nilipigilia shuka jeupe ukutani, nikalishusha hadi juu ya meza bila kuliacha lijikunje, nikafunga taa mbili za tyubu kushoto na kulia. Nilianza na masufuria ya kung'aa, ambayo huja yamepangwa moja ndani ya jingine bila nailoni, na hapo nikapata adabu yangu ya kwanza. Kila sufuria lilikuwa na mimi ndani yake: mwanamke mwenye kichwa kidogo na tumbo pana, ameshika simu. Nilisogea kulia, naye akasogea. Niliinama, akainama. Katika picha moja, nyuma yangu, mama mdogo alionekana waziwazi akichovya kitumbua kwenye chai.

Mwishowe nilijifunika shuka la pili kutoka kichwani hadi miguuni na kulitoboa tundu moja la kupitisha jicho la simu. Hivyo ndivyo alivyonikuta jirani yetu, mzee wa Kihindu muuza vitambaa, alipopita kuazima kigoda. Alirudi mbele haraka bila kigoda.

"Dada, stoo kwako kuna mzimu."

"Si mzimu," alisema mama mdogo. "Ni shahada ya kwanza."

"Ya kwanza imevaa shuka? Basi ya pili isije ikavaa blanketi."

Walicheka mpaka mteja mmoja akaingia kuuliza kulikoni, naye akaletwa nyuma kunitazama.

Masufuria yalipokwisha, zikabaki aina zaidi ya mia moja zilizokuwa ndani ya nailoni. Nilijaribu kuzipiga hivyohivyo, lakini mwanga uligonga nailoni ukarudi kama radi. Hotpoti ikawa haionekani, inaonekana radi tu. Nilimweleza mama mdogo kwamba itabidi tuzifungue, aina moja kwa kipande kimoja. Alikuwa anafunga kanga kiunoni, anakwenda msibani Tanga kwa siku tatu.

"Piga na nailoni yake. Usiguse."

"Sawa, mama mdogo."

Niliitikia kwa heshima zote. Basi lake lilipokuwa halijavuka hata daraja la mto wa kwanza, mimi nilikuwa nimeshika wembe.

Sitajitetea. Ningeweza kusema kwamba kanuni ni kanuni, na hilo nililisema wakati ule. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahia. Nilikulia katika nyumba za watu wazima waliofunika kila kitu, na kila nailoni niliyoichana ilitoa mlio mdogo ulionipa raha isiyolingana na umri wangu. Kwa siku tatu nilichana, nikafuta vumbi, nikapiga picha. Usiku wa tatu sikulala dukani wala sikuhitaji kukesha, maana kompyuta ilinifanyia kazi: niliiamuru izikate picha zote kwa mkupuo, izifanye za mraba, izipe namba, na ikatii kama jeshi. Vyombo vilielea juu ya weupe bila meza, bila ukuta, bila Kariakoo. Nilizituma.

Mama mdogo alirudi kesho yake na kikapu cha machungwa. Alisimama mlangoni mwa stoo, akalitazama rundo la nailoni lililofika magotini, kisha vile vyombo.

"Nani kaingia humu?"

"Mimi, mama mdogo. Shikamoo. Poleni na msiba."

"Marahaba. Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mkono wako mwepesi. Siku tatu tu, umewavua nguo watu wote hawa."

Aliinua hotpoti ya maua ya dhahabu, aliyoipenda kuliko zote, akaipapasa ubavuni kama anayempima mtoto homa. "Na hii nitamwambia nani kwamba ni mpya?"

"Hii ni ya picha tu. Dunia nzima wanapiga hivi."

"Dunia nzima wanakuja kicheni pati?"

Nilijiona nimeshinda pale barua pepe ilipofika ikisema picha zetu ni safi, zimekubaliwa zote, na ziko hewani. Nilimsomea kwa sauti. Akasema vizuri, akamenya chungwa.

Simu ya kwanza ililia mchana huohuo. Mama mdogo aliiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie ushindi wangu.

"Shikamoo mama. Naulizia ile hotpoti ya maua. Ilikuwa ya nani?"

"Marahaba. Ya nani vipi, mwanangu?"

"Yaani kabla."

"Kabla hakuna. Ni mpya kabisa."

"Mpya, halafu iko uchi?"

Akakata. Wa pili aliuliza kama mzigo wa Mchikichini siku hizi unauzwa kwenye simu. Wa tatu alitaka kujua kama mwenye seti ile ya glasi amefariki, kwa sababu yeye hanunui vyombo vya marehemu. Kwa wiki nzima walipiga, na kwa wiki nzima hakuna aliyeagiza hata kijiko. Jirani yetu alitoa simu yake, akazikuza picha kwa vidole viwili, akasema kwa upole wa mtu anayetoa pole: "Profesa, picha nzuri sana. Kitu hakina dosari. Ndiyo maana kinatia wasiwasi."

Mafundi wa mwenye nyumba walikuja wakaupima ukuta wa mbele kwa utepe. Mama mdogo hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi. Alianza kutoa vyombo rafuni na kuvirudisha kwenye maboksi, akiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: NYUMBANI.

Neno hilo ndilo lililoniondolea usomi. Niliwaandikia watu wa duka la mtandaoni nikiomba ruhusa ya kupiga vyombo ndani ya nailoni. Walijibu kwa sentensi moja, wakanirudisha kwenye masharti.

"Ofisi yao iko wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Hawa ni watu wa mtandaoni, mama mdogo."

"Hata wa mtandaoni wanakaa mahali."

Walikuwa wanakaa nyuma ya mlango wa kioo, kwenye baridi ya kiyoyozi iliyomfanya mama mdogo ajitande kanga ya pili. Binti aliyeshughulikia wauzaji alisimama akatuamkia vizuri, akaanza kutueleza kuhusu kanuni. Mama mdogo alimwacha amalize. Kisha akatoa kwenye mfuko hotpoti mbili za maua ya dhahabu, akaziweka juu ya meza: moja niliyoivua mimi, moja ndani ya nailoni yake.

"Mwanangu, umeolewa?"

"Bado, mama."

"Inshallah mwakani. Siku ya kicheni pati yako, mbele ya mawifi, nikuletee ipi?"

Mkono wa binti ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umeshagusa nailoni kabla hajajua kwamba anajibu. Akacheka, akafunika mdomo.

"Lakini mama, hii nyingine ndiyo inayoonekana vizuri."

"Ndiyo," alisema mama mdogo. "Uione hiyo, uchukue hii."

Binti aligeukia kompyuta yake, akasogeza ukurasa chini, chini zaidi. Halafu akanitazama mimi. Alisema kwamba kanuni ile ni ya picha ya kwanza tu. Picha ya pili muuzaji anapiga apendavyo. Imeandikwa pale, ukurasa wa pili.

Sikuwa nimefika ukurasa wa pili. Nilikuwa nimesoma hadi kwenye sharti lililonifurahisha, nikakimbilia wembe.

Njiani kurudi, tulipofika Msimbazi, mama mdogo alinigeukia. "Kumbe chuo kikuu mnasoma ukurasa mmoja mmoja," alisema. "Ndiyo maana mnachukua miaka mingi."

Tulipiga picha zile upya, safari hii yeye akiwa bwana mkubwa wa studio, amekaa kwenye kigoda, mimi nikitii. Nilipojaribu kusogeza taa ili kuondoa mng'ao wa nailoni, alinigonga bega. "Uache ung'ae! Ndio unaosema ukweli." Kwa hiyo nilipiga radi zaidi ya mia moja, moja baada ya nyingine, kwa makusudi. Vyombo nilivyovivua aliwauzia mama lishe wa nyuma ya soko kwa bei ya aibu, wao wakijua vizuri kwamba pilau haiulizi nailoni. Vile vya maboksi aliviandikia upya ubavuni: GHOROFA YA TATU. Hakuwa na uhakika, alisema, lakini wino ulikuwa wake.

Nyumba ilivunjwa siku iliyotajwa. Juu kule kulikuwa na upepo kweli, na ukimya ambao Kariakoo haiujui. Siku ya kwanza hakupanda mtu. Ya pili alipanda jirani yetu, akihema, akasema amekuja kuona kama tunahitaji kamba ya kuteremkia. Ya tatu, kabla ya adhuhuri, simu ikalia.

"Mama, mimi bodaboda. Nimetumwa kuchukua oda ya hotpoti ya maua na seti mbili za glasi, zinakwenda Mbezi. Nipo mbele ya jengo, lakini hapa chini naona viatu tu. Duka lako lipo kweli?"

Mama mdogo aliacha kila kitu. Kwa miaka yote ya biashara yake hakuwahi kumwita mteja kutoka juu, na alikwenda dirishani akiwa hajui aanzeje. Alinyakua hotpoti rafuni, akaitoa nje kwa mikono miwili, jua likaipiga.

"Tazama juu, baba!" akapaza sauti. "Juu zaidi! Hukosei!"

Chini, katikati ya mikokoteni na miavuli, kofia moja nyekundu ya pikipiki ilisimama, ikageuka huku na huku, kisha ikainuka taratibu kuelekea kwetu.