Magazeti Ndani ya Kibanio

Mwaka 2023, mvua za pili zilipokuwa zimeanza kushuka Mbale, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, mjane kwa mwaka wa tisa, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya mimea na wanyamapori. Sekondari niliianza nikiwa na miaka thelathini na sita, mwaka mmoja na miezi minne kabla marehemu mume wangu hajafariki. Alikuwa mwanajeshi. Nyumba aliyoniachia iko Mpumudde, Jinja, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata katika miaka yetu ya kambini. Darasani waliniita Afande Mama. Wengine walisema kwa heshima. Wengine walisubiri niwape kisogo ndipo wacheke.

Mtihani wetu wa mwisho wa vitendo ulikuwa kukusanya mimea hamsini. Mimi nilikusanya yangu Jinja, kwenye majimaji ya upande wa Kimaka, katikati ya mafunjo na nyasi zinazokata mikono. Anayekusanya mimea huulaza kila mmea ndani ya gazeti kuukuu, hurundika magazeti hayo kati ya mbao mbili, kisha huyabana kwa mikanda. Hicho ndicho kibanio. Magazeti hunyonya maji, kwa hiyo hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Kila badiliko huandikwa katika daftari. Daftari langu halikuwa na neno hata moja lililofutwa, na kwenye pambizo la kila gazeti niliandika kwa penseli namba ya mmea na tarehe. Hayo ya pambizo hakuna aliyenifundisha.

Muda wa kukusanya ulifungwa Ijumaa, tarehe 25 Agosti. Kesho yake nilipeleka kibanio Mbale, katika chumba nilichopanga mtaa wa Nkoma, karibu na chuo, pamoja na mwanafunzi mwenzangu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa dereva wa lori kutoka Kenya. Tulizungumza Kiswahili chumbani, na wapangaji wengine walinyamaza kila tulipopita, kana kwamba tumebeba bunduki, maana huku Kiswahili huhesabiwa kuwa lugha ya wanajeshi. Nilimpenda, nakiri. Lakini mwezi huohuo chuo kilitangaza kwamba ofisi ya msitu wa mlimani ingechukua mwanafunzi mmoja tu wa darasa letu kwa kazi. Majina mawili yalipendekezwa: lake na langu. Tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza anapofungua mlango.

Jumatano, tarehe 30 Agosti, nilibadilisha magazeti kwa mara ya mwisho. Mimea ilikuwa imekauka. Alhamisi nilikwenda Jinja kwa misa ya kumkumbuka marehemu, nikarudi Jumatatu, tarehe 4 Septemba. Kibanio nilikikuta mezani palepale, ila fundo la mkanda halikuwa langu. Langu ni la kambini, linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Hili lilikuwa limeviringishwa kama la mzigo wa sokoni.

"Nani amegusa kibanio changu?"

"Hakuna, mama."

"Hili fundo si langu."

"Mama naye! Hata fundo unalijua kwa sura?" Alicheka, lakini macho yake yalikuwa dirishani.

Kesho yake ilikuwa siku ya kukabidhi. Ningeweza kukifungua kibanio, nikague, niandike katika daftari kwamba nimekuta fundo geni. Sikufanya hivyo. Mstari wa namna hiyo ungechafua ukurasa wa mwisho wa daftari safi. Nilifunga fundo langu upya, nikaandika: "Tangu tarehe 30 Agosti kibanio hakikufunguliwa," nikasaini.

Tarehe 11 Septemba mhadhiri alikifungua mbele ya darasa. Aligeuza mmea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaniita.

"Mama, hili gazeti ni la Septemba mosi."

Nilitazama. Lilikuwa gazeti la Kiswahili, la Kenya. Pambizo lilikuwa tupu.

"Ukusanyaji ulifungwa Agosti ishirini na tano. Wewe umesaini kwamba kibanio hakikufunguliwa tangu thelathini. Gazeti la Septemba limeingiaje?"

"Sijui, bwana mhadhiri."

"Sasa nani ajue? Mtu atafikiri mimea hii imechumwa juzi, kwenye mtaro wowote wa hapa Mbale."

Nyuma yangu sauti ya kijana ikasema, "Afande Mama, mimea yako inasoma magazeti ya kesho!" Darasa zima likacheka. Binti wa chumbani kwangu hakucheka. Nililiona hilo, nikalihesabu dhidi yake.

Adhabu ya kubuni mkusanyo ni kufukuzwa chuoni. Miaka kumi na mmoja ya masomo yangu ilikuwa imening'inia kwenye magazeti hayo. Na ni nani katika chumba kile ambaye baba yake huvuka mpaka na gazeti la Kenya kwenye dashibodi ya lori? Tarehe 12 Septemba niliiandikia kamati ya chuo barua ya kurasa mbili, nikamtaja mwenzangu kuwa ameharibu kazi yangu kwa makusudi ili apate nafasi ya mlimani.

Siku kumi zilizofuata tuliishi katika chumba kimoja bila salamu. Daftari nililorudishiwa na mhadhiri nililibeba hata nikienda kuoga. Nililaza uzi mweupe juu ya kufuli la sanduku langu ili nijue kama litaguswa. Halikuguswa, na hilo nalo likanitia shaka, kwa kuwa mtu mwangalifu angeweza kuurudisha uzi mahali pake. Tarehe 20, binti akiwa maktaba, niliona godoro lake limeinuka upande mmoja. Nikafunua. Chini yake palikuwa na magazeti yaliyojikunja kwa kukauka baada ya kulowa, na kwenye pambizo palikuwa na mwandiko wangu. Nilirudisha godoro kama lilivyokuwa. Nilitaka kamati ije iyakute yenyewe, palepale alipoyaficha.

Ijumaa, tarehe 22 Septemba, saa nne asubuhi, tuliketi mbele ya kamati. Walikuwa watatu, mhadhiri wetu akiwemo, nyuma ya meza yenye chombo cha maua ya plastiki. Mwenyekiti, mwanamke wa rika langu, alisoma barua yangu kwa sauti. Nikasimama kueleza habari ya godoro, lakini binti alikuwa ameshasimama, na bahasha kubwa mkononi.

"Ni mimi niliyebadilisha," alisema, akayatoa magazeti yangu. "Tarehe mbili Septemba niliacha dirisha wazi, mvua ikapiga meza. Kibanio kililowa chote. Ningeacha, mimea ingeota ukungu. Nikaweka magazeti ya baba."

"Kwa nini hukusema?" mwenyekiti aliuliza.

"Mama alipouliza nilishasema hakuna. Halafu basi, nikaogopa. Mnamjua mama." Mhadhiri alikohoa kuzuia kicheko. "Lakini haya sikuyatupa. Ameandika namba na tarehe kwenye kila moja."

Mwenyekiti aliyapanga mezani. Namba moja hadi hamsini, yote ya tarehe 30 Agosti, kwa penseli ambayo maji hayakuifuta. Alilinganisha na vikaratasi vya namba vilivyofungwa kwenye mashina ya mimea. Hakuna kilichokosekana. Kisha akanitazama.

"Mama, fundo uliliona?"

Ningeweza kusema sikuliona. "Niliona," nikajibu.

"Ukasaini?"

"Nikasaini."

Walitutoa nje. Kwenye veranda nilimuuliza binti bila kumgeukia, "Dirisha lile lina komeo. Lilikuwaje wazi?"

"Nilianika soksi za kukusanyia mimea, mama. Zilikuwa zinanuka, ungenipigia kelele."

Huenda. Sikuwahi kuona soksi zake dirishani, wala sikuwepo siku hiyo.

Uamuzi ulisomwa saa sita kasoro dakika kumi. Mimea yangu ilikubaliwa, na stashahada ningepata. Binti alipewa onyo la maandishi. Jina langu liliondolewa katika pendekezo la kazi ya mlimani, kwa sababu ofisi ile, alisema mwenyekiti, inahitaji mtu anayeandika alichokiona. Barua yangu niliiondoa. Mwisho nilitakiwa kusahihisha daftari mbele yao.

Nilichora mstari mmoja juu ya sentensi yangu, ili iendelee kusomeka, kama tulivyofundishwa. Chini yake niliandika: "2 Septemba. Magazeti yamebadilishwa na mwenzangu." Katika safu ya sababu kalamu ilisimama. Mwenyekiti alisubiri. Binti naye alisubiri. Niliyatazama magazeti yaliyojikunja mezani, nikaandika nilichoweza kukiona: "Yalilowa." Kisha nikasaini, nikatia tarehe.