Mtia Kuni wa Meli Aliyelala Kisiwani

Nilisafiri kwa sababu ya aibu. Babu yake baba yangu alichukuliwa na Wazungu wakati wa vita vyao, akafanywa mtia kuni katika meli ya kivita Ziwa Viktoria, na hakurudi. Majirani wakasema ametoroka, ameoa Uganda. Hakuliliwa. Baba amezeeka akiitwa mjukuu wa mtoro, na alitaka jambo hilo liishe kabla hajafa. Tuliposikia kuwa wataalamu wamefukua makaburi ya mabaharia kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, alinituma mimi, kifungua mimba wake.

Asubuhi nilitoka kwangu Kiminini kwa pikapu ya kabeji. Bungoma nilikunywa chai, nikapita Bumula kwenye manyunyu, kisha Busia hadi ufuoni. Mimi ni mtu wa mlimani. Ndani ya motaboti nilishika ubao kwa mikono miwili, nikafumba macho.

Kisiwani kuna ndege na mawe tu. Ziwa limepanda na kula ukingo, ndipo mifupa ikatokeza. Akinyi, mkuu wa wachimbaji, alinionyesha wanaume waliozikwa bega kwa bega.

"Ugonjwa uliingia melini," alisema. "Waliokufa wakaletwa huku."

"Wetu alivunjwa mguu na fahali akiwa kijana."

Akanipeleka kwa wa mwisho. Mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa umeunga kombo, na meno ya chini yalikuwa yameng'olewa, kama walivyofanya wazee wetu.

"Siwezi kuapa ni yeye, mama. Si unajua wengi walivunjika miguu."

Mimi nikaamua ni yeye. Nilipiga magoti, nikamsalimu kwa Kibukusu. Sikudai mifupa, kwani Akinyi aliahidi kuwazika wote tena pamoja, juu mwinukoni.

Kesho yake jioni nilifika Chwele, nyumbani kwa Baba. Kwetu msiba kama huu hausemwi kwa simu; huletwa kwa kilio, kuanzia langoni. Niliona haya. Nimlilie mtu ambaye hata Baba hakumwona? Nikafungua mdomo kwa kujaribu tu, kilio kikanitoka chenyewe. Majirani wakaja mbio, hata wale waliozoea kutucheka.

"Ni nani amekufa, bana?"

Nikamweleza Baba niliyoyaona kisiwani. Alisimama mlangoni, machozi yakimtiririka. "Ni babu yangu," akasema. "Kumbe alikufa kazini."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Mama jirani akaenda kuleta kuni, wengine wakapanga viti.

Nimejifunza kwamba msiba usioliliwa hauishi. Hukaa ukingoja watu wake. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi ya kufunga msiba, Baba alinyolewa. Akajipapasa kichwa, akanitazama.

"Nafula," akasema, "sasa tumemzika."