Funda la Kwanza la Sangria

Siku yangu ya kwanza baa, mkuu wa baa alinikabidhi kisu, ubao na kapu la machungwa, akasema nisiguse chupa mpaka nijue kukata. Nilikuwa nimetoka kufua mashuka katika hoteli hiyohiyo, hapa Gisenyi, na niliapa kwamba kwenye yale mabeseni sirudi.

Kinywaji chenyewe kiliitwa sangria, asili yake Uhispania. Unakata machungwa na ndimu pamoja na maganda. Sisi tuliongeza binyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai. Unamimina divai nyekundu na sukari kidogo, unayaacha yalowe kwenye friji tangu asubuhi hadi jioni. Barafu huingia mwisho. Ukiharakisha, umeuza divai yenye machungwa yanayoelea, na kwa hilo sikuwa na mchezo.

Wazungu waliinywa. Wenyeji hawakuigusa. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji; kilichochanganywa mafichoni watu hukiogopa, wakihofia sumu.

"Mama, inaonekana muzuri, lakini nani aliona wakati muliifungula?" mfanyabiashara mmoja wa Goma aliniuliza. "Mi niko na watoto."

Meneja hakutaka maelezo. "Jumapili iko harusi. Donc, majagi yakirudi yamejaa, we unarudi kwa mashuka."

Kuchanganya mezani, wageni wakiona, nilikataa, maana matunda hayalowi kwa dakika tano. Nyumbani, anayetoa pombe huionja kwanza. Hotelini, mhudumu akinywa mbele ya mteja, kazi hana. Nilifikiri usiku mbili, nikaamua.

Jumapili nilisimama mbele ya babu wa bwana harusi, nikajimiminia glasi, nikainywa yote, meneja akiwa mlangoni.

"Yewe! Unakunywa mu kazi?" meneja alifoka.

Babu akanyoosha glasi yake. "Mumuache. Leta hapa, mama."

Ukumbi mzima ukafuata. Majagi yalirudi na maganda matupu, na meneja hakunitajia mashuka tena. Nilifurahi mpaka nikalia jikoni.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa baa. Siku hizi wahudumu vijana huniletea sangria zao niwape maoni, wamezipamba kwa majani na vijiti. Sinyanyui glasi. Namwambia kila mmoja: anza wewe, nikikutazama. Kuna waliozibeba wakaondoka nazo bila kuzionja.