Gari Lililovimbiwa

Kile kilima cha Rugu nilikilaani miaka ya hamsini kila nilipokipanda, Mungu anisamehe. Nilikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja kutoka Muleba, pikapu iliyozeeka kabla sijaishika, na kazi yangu ilikuwa kukusanya kahawa kavu kwa wakulima. Kule Bukoba, kando ya ziwa, pikapu ilikimbia vizuri tu. Nikiipandisha Karagwe, vituko vinaanza: inakohoa, inatoa moshi mweusi, na katikati ya kilima kile inazima. Watu wanatoka migombani kunisukuma huku wakinicheka.

Miongoni mwa wasukumaji alikuwamo binti wa mzee mwenye shamba la kileleni. Nilimwona mara ya kwanza kwenye kioo cha pembeni, mabega kayakaza, uso umejaa masizi yangu, naye anacheka. Basi, nikawa nimekwisha. Msimu ule nilipita Rugu hata siku ambazo hapakuwa na kahawa ya kubeba.

Nikapeleka mshenga. Baba wa binti hakuwa mkali, lakini majibu yake yalinichoma. Alisema hana ugomvi nami wala na kwetu, ila hakumzaa binti yake aje kuwa msukuma magari. Kama nataka posa yangu isikilizwe, Jumapili baada ya ibada nipande mpaka uani kwake bila mkono wa mtu kugusa bodi. Nikishindwa, nikatafute mke kwenye nchi tambarare.

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Nilimpenda yule binti, na gari langu nililijua.

Tena mwenye makosa nilikuwa mimi. Kwetu mtu akifika amechoka haulizwi maswali, analetewa chakula. Kwa hiyo gari lilipochoka, nami nikaona lina njaa. Kila lilipokohoa nilifunua boneti, nikailegeza ile sukurubu ya kabureta inayoongeza na kupunguza petroli, ili lipate kula zaidi. Marafiki wakaniunga mkono, wakisema baridi ya huku inataka kushiba. Nikaongeza tena. Likazidi kuzima.

Jumamosi, nikiwa Nyakahanga, huko huko Karagwe, niliamua kufungua plagi zote. Zilikuwa nyeusi, zimelowa, zinanuka petroli. Nikakumbuka fundi wangu wa Bukoba aliyekuwa akisema plagi nzuri ni ya rangi ya kahawia, nyeusi ni ya gari lililovimbiwa. Hapo akili ikanijia. Mimi mwenyewe nikipanda vilima vya huku hutweta kuliko nikiwa ziwani, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Gari halikuwa na njaa hata kidogo. Lilikuwa linakosa pumzi, na mimi nazidi kulishindilia chakula mdomoni. Nilijitukana kwa Kiswahili, nilipoona hakitoshi nikaendelea kwa Kihaya.

Nikazisugua plagi, nikawasha injini, nikaanza kuikaza sukurubu kidogo kidogo huku nikisikiliza. Nilipokaza mno, injini ikapiga chafya na kutaka kuzima, nikairudisha nyuma kiasi. Mngurumo ukatulia, moshi mweusi ukakatika. Nikaenda kulijaribu kwenye mwinuko, kisha nikachomoa plagi moja. Ilikuwa ya kahawia, kama zile punje za kahawa ya kutafuna anazokaribishwa nazo mgeni. Nilicheka peke yangu barabarani.

Jumapili watu walitoka kanisani wakajipanga kando ya njia. Wanaume kadhaa walikuwa wamekunja mikono ya mashati, kwa mazoea tu. Binti alisimama pale pale ninapozima siku zote, kanga kaifunga kiunoni, viatu vya kanisani kavivua na kuvishika. Nadhani angenisukuma hata mbele ya baba yake, na posa ikaharibika.

Nilifika pale. Injini haikukohoa. Binti akanipungia mkono nisimame nimpakie, na Mungu anajua nilivyotamani kusimama, lakini nani asimame kwenye kilima kile? Nikampita, nikamwachia vumbi. Nikamsikia nyuma yangu akicheka na kukimbia.

Niliingia uani, kuku wakatawanyika. Nikashuka, nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akalizunguka gari polepole, akainama kuangalia bomba la moshi, asione kitu. Akanyanyuka, akatazama njiani. Binti yake alikuwa anakuja, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Sasa, dereva," mzee akasema, "mbona mkeo umemwacha njiani?"

Sikungoja aseme mara ya pili. Niliiacha pikapu ikinguruma pale uani, nikashuka kilima mbio kumpokea, kwa miguu.