Muguu Katikati ya Mawe Mbili

Nakumbuka siku moja muguu wangu wa kuume ulikataa kunifuata. Usicheke, mwanangu. Weka kwanza ile begi chini, naona kiti kinakuchoma. Tangu ulipogombana na baba yako hauna pa kutulia, sasa unataka lori ya kesho ya kwenda Kirumba. Miye vilevile nilikuwa hivyo. Mama alisemaka kama hata ugali ningekula ungali unga.

Tulikuwa batatu: miye, Kambale wa jirani, na Saidi, ambaye baba yake alibeba mizigo na lori kati ya Beni na Butembo. Saidi ndiye alileta mipira ya ndani ya tairi za lori. Tukaifunga na mianzi, tukachonga makasia, tukaingia muto chini ya Musienene asubuhi, tufike ku daraja ya barabara kubwa mbele ya jua kuzama. Ilikuwa kiangazi, maji imepunguka, mawe yote inje. Tukasema: maji kidogo, hatari kidogo.

Kumbe maji kidogo inachosha. Kila penye muto unateremka kwa kishindo, tunakwama. Tunashuka, tunabeba, tunapanda tena, na jua linaenda. Kambale akasema, "Tutembee ku kando, tutafika tu." Mais lakini miye moyo ulikuwa unawaka. Haraka haraka haina baraka, ile nilifundishwa tangu mutoto. Kufundishwa na kusikia ni mambo mbili.

Donc basi tulipokwama tena, nikaruka katikati ya maji yenye mbio, nisukume. Ilifika ku magoti tu. Muguu ukaingia katikati ya mawe mbili. Maji ikanipiga mugongo, nikaanguka uso mbele, muguu ukabaki. Nikavuta, jiwe likakaza. Nilikunywa maji, mwanangu, na niliogopa sana. Maji ya magoti inaua mutu.

Koko mumoja, mwanamuke muzee, alikuwa anapita na muzigo wa maharagi. Akautua. "Nyiye babili, simameni kule maji inatokea, bega kwa bega, muikate!" Saidi na Kambale bakasimama vile, maji ikalegea, nikapata kupumua. Mais niliendelea kuvuta.

"Weye kijana, acha kuvuta," akasema. "Muguu unatokea mulango uliingilia. Rudi nyuma."

Kurudi nyuma, wakati mwili wote unataka mbele! Nilirudisha muguu pole pole, ukatoka. Ngozi ilibaki ku jiwe.

Akanikalisha ku kando. "Kule ku daraja, ulikuwa unakimbilia nini?" Hapana mutu alikuwa ananingoja kule. Yeye akabeba maharagi yake, akaenda, na baninga bangu, Saidi na Kambale, bakanibeba mpaka barabarani.

Sasa sikia, mwanangu. Kama umekwama, usivute. Hasira inakaza jiwe. Kwa baba yako uliingia ku ile matata na mudomo. Utatokea hapo hapo, ku mudomo, pole pole. Umwambie tu, "Baba, nimerudi." Lori za Kirumba hazitaisha. Na kama baninga bako banakuambia mutembee ku kando, tembea nabo.

Mungu akupe batu ba kukukatia maji, akupe na mugongo wa kurudi nyuma bila haya. Enda sasa. Mulango wa baba yako haukufungwa. Nimetoka kule.