Nilivyofuta robo saa ya kusimama kabla ya mto, njia ya Kyondo kwenda Bwera

Wakuu, salamu popote mlipo. Hili nimekaa nalo muda mrefu. Sina cha kufaidika kwa kuwadanganya, naandika nilichokiona tu.

Nipo kampuni moja ya kahawa, ofisi Kasese mjini. Bosi alinipa kazi ya benchmarking. Unachukua reference model, yaani ramani ya hatua ambazo kampuni za aina yetu hupitia: kununua, kukausha, kupakia, kusafirisha. Unaweka hatua zako kando yake, unaona umezidiwa wapi.

Sisi tulizidiwa kwenye usafirishaji. Lori letu likitoka milima ya Kyondo kwenda stoo ya Bwera lilikuwa linasimama robo saa kabla ya kuvuka mto. Kila safari. Injini imezimwa, watu kimya.

Kwenye model hatua hiyo hakuna. Nikaandika "kupoteza muda", nikaifuta.

Dereva wetu Muhindo, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mtu mpole sana, akasoma ile karatasi.

"Bosi, ile iko ya kusikiliza mayi. Sasa nani atasikiliza?"

Mayi, yaani maji. Nilicheka. Mnisamehe, ujana na laptop mpya.

Wiki hiyo nikapanda naye nihakikishe anatii. Saa saba mchana, jua kali, hata wingu hakuna. Tulipofika mtoni akazima injini.

Nikamwambia, "Muhindo, tulishakubaliana. Twende."

"Bosi, sikiliza kwanza."

Nikasikiliza. Hakuna kitu. Mto ule huvuma mpaka mnaongea kwa kupiga kelele, ila siku hiyo kimya. Maji yamebaki kama kamba, mawe nje, samaki wadogo wanarukaruka kwenye tope. Hata ndege hawalii.

Halafu nikasikia naitwa kutoka ng'ambo. Jina langu la nyumbani, ambalo ni mama tu hulitumia. Ng'ambo hakukuwa na mtu.

Mkono wangu ulishafika kwenye mlango wa lori nishuke. Muhindo akanishika.

"Usiitike."

Akawasha, akarudisha lori nyuma mpaka juu ya kona.

Haikupita muda, mlima ukanguruma. Maji meusi yakashuka na miti mizima, mizizi juu. Kivuko chote kikaenda. Baadaye tukaambiwa udongo ulikuwa umeporomoka huko juu ukaziba mto, kisha ukaachia.

Hilo naelewa. Sauti ndiyo sielewi.

Nilimuuliza Muhindo kama anamjua aliyekuwa ananiita. Akanitazama.

"Bosi, miye nilisikia jina yangu."

Somo nililopata: model inakuonyesha wengine wanafanya nini, haikuambii kwa nini watu wako wanafanya tofauti. Kabla hujafuta hatua, muulize anayeifanya.

Niliirudisha kwenye ripoti. Bosi akauliza ni kampuni gani nyingine inayo. Nikamjibu hakuna, na akitaka ifutwe apande lori yeye mwenyewe.

Haijafutwa.

Mnaoijua milima hii, semeni. Kuna aliyewahi kuitwa hivyo? Na je, kuna aliyeitika?