Mluguru na Chemchemi ya Ihumbo

Valerian alikuja Geita kwa sababu aliambiwa huko hakuna milima. Aliyemwambia alikuwa karani wa kuandikisha vibarua wa mgodi, mtu ambaye hakuwahi kufika Geita, na ambaye angemwambia pia kwamba huko hakuna mbu kama angeulizwa. Huo ulikuwa mwaka 1946. Aliposhuka kwenye lori na kuona vilima vimefuatana mpaka macho yanachoka, aliketi juu ya sanduku lake, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hivi ni vichuguu." Akabaki.

Alikuwa na sababu ya kuogopa milima. Alizaliwa Uluguru, katika kitongoji kilichoshikilia mteremko kama kupe. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, ubavu mzima wa mlima uliporomoka juu ya kitongoji hicho.

"Watu hudhani mlima huanguka ghafla," alizoea kusema. "Hauna haraka hivyo. Hutuma salamu kwanza."

Salamu zilikuwa hizi. Wazee walikata msitu wa juu wapande maharage, na mizizi iliyokuwa imeushona udongo kwenye mwamba ikaoza. Baadaye wakachimba sehemu ya chini ya mteremko wapanue njia, yaani waliung'oa mlima vidole vya miguu na bado wakautegemea usimame. Kisha mvua ikanyesha wiki mbili. Maji hayakuteremka juu ya ardhi kama zamani, bali yaliingia kwenye nyufa, yakafika kwenye mwamba laini, na udongo wote ukawa umekaa juu ya utelezi. Mlango wa nyumba yao ukakataa kufungika. Miti ikainama. Chemchemi ikatoa maji ya rangi ya maziwa, halafu siku moja, mvua ikiwa inanyesha, ikakauka.

Valerian ndiye aliyeikuta imekauka. Alirudi na mtungi mtupu na hakumwambia mtu, kwa kuogopa kuambiwa kwamba alikuwa akicheza. Adhuhuri mlima ukashuka na miti ikiwa bado imesimama juu yake. Mama yake alikuwa ndani.

Wala mambo hayakuishia hapo. Kifusi kiliuziba mto, kukawa na ziwa. Watu wa bondeni walipanda kulitazama, wakasifu, wakapanga nani atavua samaki upande gani. Wiki ya tatu kifusi kikapasuka, na maji yakawaua hao wa bondeni, watu ambao maisha yao yote walijivunia kwamba hawakai mlimani.

Mgodini Valerian alifanywa fundi wa nguzo. Kazi yake ilikuwa kusimamisha magogo ndani ya mashimo ili mwamba usiwaangukie wachimbaji. Aliifanya vizuri, kwa kuwa aliamini kwa dhati kwamba kila kitu kilicho juu ya kichwa cha mtu kina nia ya kushuka. Alioa msichana wa Kisukuma, Nyamizi, wakajenga chini ya kilima cha Ihumbo, mahali ambapo kaya kumi zilikuwa zimehamia kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wao, baada ya nchi ya huko kuchoka kwa wingi wa kwato.

Mkubwa wa kaya hizo alikuwa mzee Mageni. Yeye na Valerian walipatana upesi, kwa maana Wasukuma na Waluguru ni watani tangu siku za misafara ya wapagazi.

"Mwangaluka, Mluguru!" Mageni alimwita kila asubuhi. "Ni kweli kwenu kuku hufungwa kamba wasibiringike?"

"Ni kweli, mtani. Na kwenu ng'ombe akikohoa mnaita mganga, mke akikohoa mnamwambia asiwaamshe ng'ombe."

Waliosikia walicheka mpaka machozi. Utani ni jambo jema. Hupoza hasira, na mtani msibani humpunguzia mfiwa uchungu. Lakini una kasoro moja: mtu akishazoewa kama mtani, siku akisema kweli hana kinywa cha kuisemea.

Hapa lazima na Valerian apewe haki yake ya lawama. Mgodi ulitaka magogo, na magogo ya karibu yalikuwa Ihumbo. Yeye mwenyewe alipanda kuchagua miti iliyonyooka, akaitia alama ya chokaa, na watu wa Mageni wakaikata na kuuza. Iliyopinda wakaijengea mazizi. Kwa miaka mitano mtu ambaye mama yake alizikwa na mlima uliokatwa msitu alikuwa akikata msitu wa mlima. Alijiambia kwamba hiki si mlima. Ndivyo kila mtu hujiambia, kila mahali.

Mwaka 1951, katikati ya ubavu wa Ihumbo, penye sehemu tambarare, palitokea chemchemi. Kaya kumi zikashangilia. Watu waliotoka Shinyanga, ambako mwezi wa tisa mwanamke huamka alfajiri kufukua mchanga wa mto apate ndoo moja, hawakuwa na namna nyingine ya kuipokea. Wakachinja. Wakacheza ngoma siku mbili. Kisha wakafanya ambalo Msukuma hulifanya kwa moyo wote akiona maji: wakachukua majembe, wakaimba, na katika wiki tatu wakachimba lambo pale pale ubavuni, lenye ukubwa wa kunywesha ng'ombe mia mbili.

Valerian alipanda kulitazama. Juu ya lambo aliona ufa mwembamba uliopinda kama upinde, nyasi zikiwa zimegawanyika juu yake.

"Mtani," akamwambia Mageni, "maji haya hayakuja kuwanywesha. Kilima kimelowa ndani. Nanyi mmekiwekea bakuli kizidi kunywa. Hameni upande wa pili wa bonde kabla ya masika."

Mageni alishika tumbo kwa kicheko. "Sikieni! Tumetafuta maji tangu enzi za babu zetu, tumeyapata, Mluguru anasema tuyakimbie! Hayo maji yana meno?"

"Watoto watakufa, mzee."

"Na wewe utawazika, maana ndiyo kazi ya mtani!"

Jibu hilo lilisifiwa kwa miezi sita. Kila Valerian aliporudia onyo lake, watu walimwomba aongeze sauti ili walio nyuma wasikose kucheka. Alimwendea Thobias, mtu pekee wa zile kaya kumi asiyefuga, aliyejua kusoma na asiyependa mizaha. Thobias alisikiliza kwa uangalifu, akakubali kwamba hoja ina uzito, na akasema atalifikiria.

Masika ya 1952 mvua ilinyesha siku tisa. Siku ya kumi jua likatoka, na watu wakasema hatari, kama ilikuwapo, imekwisha. Asubuhi hiyo Valerian alirudi kutoka zamu ya usiku, akakuta mlango wa nyumba yake umekwama. Nyamizi alikuwa ametokea dirishani. Valerian alipanda mbio mpaka kwenye lambo. Lilikuwa limepungua nusu, na hakuna ng'ombe aliyelinywea. Chemchemi ilikuwa kavu.

Alishuka, akamwona Mageni ameketi nje akipasha mwili joto juani.

"Mzee, kilima kinaanguka leo. Watoe watu."

"Mluguru," Mageni akamjibu kwa upole, "hata utani una saa zake. Nimekula sasa hivi."

Valerian akamgeukia mkewe, aliyekuwa amemfuata. "Ng'ombe kiongozi wa mzee huwa unamwita vipi?"

Nyamizi alimtazama, akaelewa, akaficha uso kwa kanga. Kwa utani, mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha mtani wake, na mwenyewe hapaswi kukasirika wala kwenda barazani. Kuku ilikuwa kawaida. Mbuzi ilikuwa imetokea mara moja. Ng'ombe hakuna aliyewahi kuthubutu, kwa sababu hapo ndipo utani wa Msukuma unapokoma.

Valerian alivuta magogo ya mlango wa zizi. Nyamizi akapiga mluzi. Ng'ombe kiongozi, jike jeupe lenye pembe iliyovunjika, akatoka, na wengine wakamfuata. Wakafungua zizi la pili na la tatu. Kundi lote likashika njia ya bondeni kuelekea ng'ambo, Mluguru akiwa nyuma anachapa kwa kanga ya mkewe.

Kwa kitambo Mageni hakuamini macho yake. Halafu akapiga mwano.

Mwano ni ukelele wa Wasukuma ng'ombe wanapoibwa. Anayeusikia akabaki nyumbani hutengwa. Wanaume wakatoka na fimbo na mikuki, wengine bila nguo za kutosha. Wanawake waliposikia kwamba mwizi ni Mluguru, mchana kweupe, wakaona hili si la kusimuliwa bali la kujionea. Wakafunga watoto mgongoni na kukimbia nyuma yao. Mbuke, mamake Mageni, mwanamke wa miaka themanini, aliagiza abebwe. Alisema hajacheka tangu Wadachi waondoke.

Watu waliokataa kuondoka kwa ajili ya watoto wao waliondoka wote kwa ajili ya ng'ombe. Hakuna wa kuwatetea kwa jambo hilo.

Walimfikia ng'ambo ya bonde. Mageni alitangulia, fimbo juu.

"Umevuka mpaka, Mluguru! Leo nakuua, na utani wako nauzika pamoja nawe!"

"Piga, mzee," Valerian akasema, akihema. "Lakini pigia huku huku."

Fimbo haikushuka. Ardhi ilitetemeka, ng'ombe wakalia kwa pamoja, na watu wakageuka. Ihumbo ilikuwa inatembea. Ubavu wake ulishuka mzima mzima pamoja na lambo na visiki, ukafunika mazizi, ukafunika nyumba kumi na moja, ukasimama penye kijito. Vumbi halikuwapo. Kulikuwa na matope, na harufu ya udongo wa ndani ambao haujawahi kuona jua.

Thobias ndiye peke yake aliyekufa. Alipopita mtu kumwita alijibu kupitia dirishani kwamba yeye hana ng'ombe.

Watu walilia, wakahesabiana, wakalia tena. Mageni alishusha fimbo. Aliwatazama wajukuu wake mmoja mmoja, akamwendea jike jeupe, akampapasa shingo. Kisha akamwambia Valerian, "Umewakimbiza sana. Huyu ana mimba."

Miaka iliyofuata Mageni aliisimulia habari hiyo kila penye pombe. Mluguru alikuja kumwibia, yeye, ingawa mzee, akamfukuza na kumpata, na kwa mbio zake hizo kijiji kizima kikapona. Wageni walimpongeza. Valerian, akiwa ameketi papo hapo na kibuyu chake, hakumsahihisha hata mara moja. Nyamizi alipomgombeza nyumbani kwa kunyamaza, alimjibu kwamba mtu aliyekufa hawezi kuongopa, naye Mageni anaongopa vizuri sana.